Mwaka Niliomwita Mama Kibarua

Kahawa mbivu ikianikwa hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni tamu, inakaribia harufu ya ndizi zilizovundikwa, nayo hudumu siku mbili au tatu tu. Ya pili huja maganda yanapoanza kusinyaa na kuwa meusi: ni harufu chachu, nzito, inayoingia kwenye nguo, kwenye nywele, hadi kwenye uji. Kwetu ni upande wa Muleba, juu ya kilima ambacho ukisimama nyuma ya nyumba unaliona ziwa, na hiyo harufu ya pili ndiyo ilikuwa harufu ya msimu mzima. Watu wengi wa huko wakiisikia hukumbuka nguo mpya na wali, maana kahawa ilipouzwa ndipo watoto walipovishwa. Mimi nikiisikia nakumbuka mlango wa mbao uliofungwa kwa nje, na sauti ya mama yangu nyuma yake. Sinywi kahawa hadi leo. Hata ile ya kutafuna, inayochemshwa na majani, ambayo mgeni wa kwetu hukaribishwa nayo, nikipewa naipokea kwa mikono miwili, nashukuru, naifunga kwenye pindo la khanga.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Nyumbani tulikuwa watano. Baba yangu Projestus alikuwa mtu mpole, ila upole wake ulikuwa uvivu wa moyo. Nalisema hili naye yuko kaburini na ninamwombea. Mama yangu aliitwa Adventina. Dada yangu Verdiana alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye shingo ambayo watu waliigeukia njiani. Mimi ni Mektilda, wote waliniita Meki. Na alikuwepo shangazi Leokadia, dada mkubwa wa baba, aliyerudi kutoka kwa mumewe kabla sijazaliwa akiwa na sanduku moja la bati, na tangu siku hiyo hakuna chungu kilichopikwa kwetu bila yeye kukifunua. Watu husema marehemu hasemwi. Mimi nasema marehemu anasemwa, ila asisingiziwe. Nitawataja wote kwa majina yao, na mimi nikiwamo.

Mama alipokuwa mzima hakuna mwanamke kilimani pale aliyemfikia kwa kutandika nyasi. Enzi hizo sakafu ya nyumba ilitandikwa nyasi mbichi, na mwanamke alijulikana kwa nyasi zake kama anavyojulikana leo kwa mapazia. Mama alizichagua moja moja, akazilaza vichwa upande mmoja, akazipigapiga kwa kiganja hadi mtu akikaa hataki kuinuka. Halafu palikuwa na majira yake mengine. Yalianza kwa kukosa usingizi. Tulipoamka tulikuta ameshapogoa majani makavu kibanja kizima cha migomba na ameingia kwenye kibanja cha jirani. Maneno yalimtoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Aligawa vitu: mkungu wa ndizi kwa mpita njia, kuku anayeatamia, hata gauni langu la shule. Sitawadanganya, siku za mwanzo mimi nilizipenda. Alinibeba mgongoni na miaka yangu kumi, akakimbia nami kati ya migomba tukicheka. Baada ya furaha ilikuja hasira, na baada ya hasira ukimya. Wiki nzima alikaa ameegemea ukuta wa jikoni, mikono yake mapajani kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyeisahau pale. Hakuna aliyeutaja ugonjwa huo. Shangazi alisema, "Adventina amechoka." Baba alisema, "Ni uchovu." Nimekua nikidhani uchovu ni jina la ugonjwa, kama surua.

Jumapili moja, kahawa ikiwa imejaa kwenye majamvi uani, mama aliamka na ile furaha yake, na hakuna aliyethubutu kumzuia kwenda kigangoni. Wakati wa matoleo watu walipanga mstari na mikungu yao, kuku na mayai, mama naye akapanga, mikono mitupu. Alipofika mbele akafungua kitenge chake, akakikunja vizuri kona kwa kona, akakiweka kwenye kikapu. Kisha akavua blauzi, akaikunja nayo. Akabaki na shimizi, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Bwana, nilicho nacho ndicho hiki." Kwaya ilinyamaza yote, isipokuwa mzee mmoja wa ngoma ambaye macho yake hayakuwa mazuri, akaendelea kupiga peke yake. Verdiana alitoka kwenye kwaya, akamfunga mama kitenge alichokuwa amejifunga yeye, akamtoa nje amemshika mabegani. Nilisikia mama akimuuliza mlangoni, "Mbona unalia wewe? Leo si tumetoa?"

Balaa ni kwamba posa ya Verdiana ilikuwa njiani. Kijana alikuwa seremala, kwao Kibeta, mjini Bukoba, familia ya watu wanaokula mezani. Barua ilikuwa imeshaletwa, na kilichobaki ni wao kuja kutuchunguza. Shangazi aliporudi kutoka kanisani hakuvua hata kilemba. Alimsimamisha baba uani, akamwambia, "Projestus, wakilijua hili, Verdiana ataozea hapa. Na huyu Meki naye. Nani achukue mche kwenye shina lililooza?" Baba alitazama kahawa kwenye jamvi, akaigeuzageuza kwa mguu kana kwamba jibu liko chini yake. Mwisho akasema, "Ni hadi posa ipite tu." Siku hiyohiyo walitoa magunia nusu kwenye chumba cha kahawa, kile kilichoshikana na jiko kwa nyuma, wakaweka mkeka na ndoo. Mama aliingia mwenyewe. Aliambiwa kuna kahawa ya kuchambua, naye katika majira yale alipenda kazi. Baba alifunga kitasa, akatia ufunguo kwenye mfuko wa shati. Ndiyo maana nasema aliyemfungia ni baba Projestus. Shangazi ndiye aliyenena, lakini ufunguo haukukaa kwa shangazi hata siku moja.

Watu waliambiwa mama amekwenda Karagwe kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu. Mimi nilifundishwa. Shangazi alinikalisha kila nikitoka shule, akanihoji huku anamenya ndizi.

"Mama yako yuko wapi?"

"Karagwe."

"Kufanya nini?"

"Kumuuguza mama mkubwa, amevunjika mguu."

"Mguu upi?"

Nikasita. Akanifinya paja kwa vidole vyenye utomvu. "Wa kulia! Ukisita wamekumeza."

Nikamwambia mwalimu wetu wa dini alisema njia ya mwongo ni fupi. Shangazi akacheka, alikuwa na kicheko kizuri, hilo sitamnyima. "Ni fupi, sawa," akasema. "Lakini sisi hatuendi mbali. Tunamfikisha Verdiana Kibeta tu."

Sasa, wasiotoka kwetu niwaeleze jinsi watu walivyochunguzana. Hakuna aliyekuja akasema nimekuja kuwapeleleza. Hiyo ingekuwa fedheha kwa pande zote. Alikuja mama mmoja mtu mzima wa upande wa kijana, na kikapu chake, akasema amesikia mna aina fulani ya mgomba, anaomba mche akapande kwao. Mtu apande gari kutoka Bukoba mjini hadi kilimani Muleba kutafuta mche wa mgomba, kana kwamba kwao migomba imekwisha! Kila mtu alijua na kila mtu alijifanya hajui. Alikaribishwa, akatafuna kahawa, akasifu nyasi, kisha akaomba atembezwe kibanjani achague mche mwenyewe. Na kwa kumtembeza aliomba mtoto. Hapo ndipo penye kazi. Mtoto wa miaka kumi anaulizwa mambo ya nyumbani huku anaonyeshwa tabasamu, na wanasema mtoto hana pazia.

Aliyekuja kwetu aliitwa Ma Justina, shangazi wa kijana. Alikuwa mfupi, mwenye macho madogo yaliyotulia, viatu vya raba na soksi. Nilimpenda mara moja na nikamwogopa. Tulipita migomba ya mbele akiuliza hili na lile, shule, mwalimu, nani hutupikia sasa mama hayupo. Nilijibu Karagwe, nikajibu mguu wa kulia, nikajibu mpaka na mimi nikaanza kumwona huyo mama mkubwa na bandeji yake. Shangazi alikuwa nyuma yetu, hatua kama ishirini, na panga la kung'olea mche. Nilikuwa nimeagizwa nisipite nyuma ya jiko. Lakini Ma Justina aliona mche mzuri huko, akakata kona, nami ningemzuiaje?

Tukafika usawa wa kidirisha cha chumba cha kahawa, na mama akaniona au akasikia hatua zangu.

"Meki! Meki mwana wange, uko na nani? Niletee maji."

Ma Justina akasimama. Mimi nikageuka kumtazama shangazi, naye alikuwa amesimama na panga limeinuliwa nusu, mdomo wazi. Swali hili hatukulifanyia mazoezi.

"Nani huyo?" Ma Justina akauliza, bila ukali.

Ningeweza kusema mama. Neno lenyewe ni dogo, mtoto analijua kabla ya meno. Nikasema, "Ni kibarua. Anachambua kahawa."

"Mbona amefungiwa?"

"Kichwa chake si kizuri."

"Na anakuita mwanawe?"

"Anaita watu wote hivyo."

Nilisikia kahawa ikimwagika kidogo kidogo kwenye ungo, kisha ikaacha. Halafu sauti ya mama ikatoka kidirishani, ya chini, ya adabu, haina wazimu hata tone. "Ndiyo waitu," akasema, kwa neno lile la heshima ambalo kibarua humwambia mwenye nyumba. "Mimi ni kibarua wa hapa. Karibuni sana."

Nimeishi na sentensi hiyo miaka arobaini. Mpaka leo sijui kama ugonjwa ndio uliosema, au ni mama yangu mzima kabisa, aliyesikia mwanawe yuko kwenye kamba, akaja kuishika upande wa pili. Siku nikiwa na nguvu nasema ni ugonjwa. Siku nyingine najua.

Ma Justina alichukua mche wake akaenda, na baada ya wiki mbili jibu likaja kuwa tumekubalika. Siku ile aliyoondoka nilimpelekea mama maji. Baba alinifungulia bila kunitazama. Mama alipokea kikombe kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa, kama wanavyopokea vibarua wanaokuja kwetu kutoka ng'ambo ya mpaka. "Asante, binti wa mwenye mji," akasema. "Leo nimechambua debe mbili." Nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemwonya mtoto asiseme ovyo mbele ya wageni.

Harusi ilifungwa kahawa ya mwisho ikiwa imekwisha kuuzwa. Verdiana aliondoka bila kuagana na mama, ila nilimwona akipita nyuma ya jiko na gauni lake jeupe, akaweka kiganja kwenye mlango ule, akakiondoa upesi. Alipofunguliwa, mama hakurudi nyumba kubwa. Alilala kulekule kwenye magunia. Baba alimwomba, hata akalia. Nami nasema machozi ya mwenye ufunguo ni maji tu. "Vibarua hulala huku," mama alimjibu. Aliamka, akamuuliza shangazi kazi ya leo ni ipi, akaifanya, akala akiwa amekaa mbali. Kama alikuwa anatuadhibu, hakuna adhabu iliyowahi kupigwa kwa ustadi hivyo. Kama alikuwa anaumwa, basi maneno yangu ndiyo yaliyoipa njia homa yake.

Asubuhi moja alichukua jembe lake, akamwambia shangazi mkataba umekwisha, akashuka kilima. Baba alisema atarudi. Mjomba Respicius, kaka yake mama, alipopelekewa habari alijibu kwamba mke aliyetolewa mahari si mzigo wa kwao tena. Huyo naye mwandikeni. Wiki ya tatu mchuuzi mmoja alisema amemwona Kemondo, kule bandarini. Shangazi alinituma mimi, kwa kuwa mimi sikuwa na heshima ya kupoteza. Nilimkuta ufukweni, kati ya wanawake wanaoanika dagaa, amejifunga gunia kiunoni, anageuza dagaa kwa fagio la njiti. Nilisimama mbali nikijiandaa kuitwa binti wa mwenye mji. Mwanamke mmoja mnene aliniona, akaita wenzake, "Njooni mwone! Huyu si ndiye Meki? Si ndiye yule wa darasa la nne, anayesoma gazeti bila kukwama?" Wakanizunguka, wakanishika mashavu kwa mikono yenye magamba. Pale mama alikuwa anaitwa Mama Meki. Alikuwa amewaambia habari zangu zote. Watu ambao hawakuwa na cha kupoteza kwa ajili yetu, mbele yao alikuwa na mtoto.

Sikurudi nyumbani, wala shule sikuirudia. Niliishi naye Kemondo miaka mitatu. Aliugua na kupata nafuu, akaugua na kupata nafuu, na wale wanawake walikuwa na namna yao: akianza kwenda mbio walimpa sehemu kubwa zaidi ya kuanika, akinyamaza walimkalisha katikati yao wakaendelea na umbea kana kwamba naye anachangia. Hawakuwa na dawa. Walikuwa na nafasi tu, ile ambayo ukoo mzima wenye kibanja kikubwa haukuwa nayo. Alikufa kwa kifua, mvua za vuli. Nyumbani walitangaza malaria.

Verdiana alizaa mwaka uliofuata kifo cha mama, nami nimesharudi kilimani. Wiki mbili baada ya kujifungua akaacha kulala. Akasema mtoto amebadilishwa. Watu wa Kibeta hawakujua wanachokitazama, maana sisi tuliojua tulikuwa tumewapa mche na tabasamu. Kama Ma Justina angeambiwa ukweli siku ile, pengine posa ingevunjika. Lakini kama isingevunjika, angejua la kufanya, angempeleka dada yangu hospitali siku ya tatu. Alimrudisha kwetu siku ya arobaini na sanduku lake, akasema neno moja kwa shangazi, "Mlinificha." Sina pa kumlaumu. Verdiana alikataa kula. Tulimzika kabla mwanawe hajasimama dede. Malaria tena. Ukiusikiliza ukoo wetu ungedhani mbu wana ugomvi nasi peke yetu.

Matangani, siku ya tatu, mchana kweupe, mjomba Respicius alikuwa ameshakunywa rubisi ya kutosha. Alikaa kwenye nyasi akasema kwa sauti, bila kuulizwa, "Hata mama yetu alikuwa hivihivi. Siku Projestus alipokuja kuposa tulimfunika jikoni, tukasema ana tetekuwanga ili wageni wasimsogelee."

Shangazi Leokadia akainuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Respicius! Kumbe mlituuzia chungu chenye ufa!"

"Na wewe?" mjomba akamjibu, hata hakumtazama. "Wewe kwa mumeo ulirudishwa kwa sababu gani? Au nawe ulikuwa na tetekuwanga?"

Watu waliinamisha vichwa. Shangazi akakaa chini taratibu, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mwanamke mzee. Baadaye jikoni aliniambia mwenyewe, mgongo amenigeuzia, kwamba mtoto wake wa kwanza alipozaliwa naye "alichoka", walimfunga kamba mkononi, na alipopona mtoto hakuwepo na hakuna aliyemwambia alikokwenda. Basi ndivyo ilivyokuwa. Pande zote mbili zilibeba mzigo uleule, kila mmoja akijua anamdanganya mwenzake, na mama yangu akafungiwa kwa shauri la mtu aliyejua vizuri kuliko wote kufungwa kukoje. Nimemchukia shangazi Leokadia sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimejaribu kuendelea baada ya siku ile, lakini chuki yenyewe imekuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, inaonyesha upande wa pili.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kwanza huwaumbua watoto. Nami nilikuwa nimejifunza vibaya kama wao. Niliolewa Hamugembe na mtu wa bodaboda, enzi zile za baiskeli, nikazaa mtoto mmoja, Kemilembe. Wiki ya tatu nilikaa siku sita bila usingizi, nikafagia uwanja hadi nikafikia mizizi, nikamwambia mume wangu huyu mtoto arudishwe kwa wenyewe. Aliyeniokoa ni jirani, Mama Elisifa, Mlutheri, mwanamke wa amri. Hakuita kikao cha ukoo. Alimbeba mtoto kwa mkono mmoja, mimi akanishika kwa mwingine, tukaenda hospitali. Nikapewa dawa, nikalala, nikaamka nikiwa mama wa mtu. Mume wangu alipoona hali ile aliondoka, akarudi kwa muda, akaondoka kabisa. Na Kemilembe alipokua akauliza mbona kuna picha zake za uchangani amebebwa na Mama Elisifa tu, nilimwambia nini? Nilimwambia niliugua malaria.

Mwaka huu Kemilembe ana mimba yake ya kwanza. Mwezi uliopita nilimsindikiza kliniki, mume wake yuko kazini Mwanza. Muuguzi alikuwa binti mdogo kuliko hata mwanangu, anaandika na kuuliza: presha, sukari, mapacha. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Katika ukoo kuna aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili? Hasa baada ya kujifungua?"

"Hapana," Kemilembe akasema. Akasema kwa uhakika, maana mimi ndiye niliyemfundisha.

Kalamu ya muuguzi ilishuka kuandika. Nilijua kama ikiandika, basi nimempa mwanangu sanduku la Verdiana na ufunguo wa baba. Nikasema, "Subiri." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, hata waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Nikaanza. Mama yake mama yangu. Shangazi yangu Leokadia. Mama yangu Adventina. Dada yangu Verdiana, alikufa kwa hilo, si malaria. Na mimi, nilipomzaa huyu. Muuguzi akageuza karatasi kwa kuwa nafasi ilikwisha. Hakushtuka. Alisema, "Umefanya vizuri, mama. Akijifungua tutamwangalia kwa karibu. Na nyumbani awepo mtu wa kuhesabu usingizi wake." Miaka yote hiyo, makaburi yote yale, na jibu lilikuwa mtu wa kuhesabu usingizi.

Tulitoka, Kemilembe akakataa bodaboda, tukatembea. Alikuwa mbele yangu, mkono kiunoni kama wanavyotembea wajawazito, nami nyuma kama mshitakiwa. Tulipoingia Hamugembe alisimama kando ya njia.

"Miaka ishirini na sita, mama."

"Ndiyo."

"Ungeniambia lini? Nikishafungwa kamba?"

Alilia kidogo, akapenga kamasi kwenye khanga yangu, si yake, nikajua hajanitupa. Kisha akasema, "Bibi Adventina. Sasa nimeambiwa alivyoumwa. Akiwa mzima alikuwaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilitafuta, na kilichokuja kwanza ni katekista. Nikamwambia jinsi katekista wetu alivyokuja kwetu wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, akawekewa sahani iliyojaa, za kukaangwa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa sala ndefu alifumba macho akaombea mvua, akaombea wagonjwa, akaombea Baba Mtakatifu, na alipofika kwa marehemu wote kuku akaingia na kuanza kudonoa. Mama alifungua jicho moja, akamwona kuku, akalifumba. Kuku akamaliza sahani. Katekista akasema amina, akapeleka mkono, akapapasa, akamtazama mama. Naye mama akamwambia kwa unyenyekevu mkubwa, "Mwalimu, Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Kemilembe alianza kucheka kwa pua, kisha kwa tumbo lote, akalishika lile tumbo kwa mikono miwili. Mimi nikaanza naye. Tulicheka tukashindwa kusimama wima, tukaegemeana, machozi yakitutoka, watu wakitupita. Mama mmoja aliyepanga ndizi zake kwenye gunia kando ya njia alitutazama, mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Nyie! Mmepatwa na nini?"

"Ni ugonjwa wa ukoo, mama," Kemilembe akamjibu, anafuta macho. "Lakini usiogope, hauambukizi."

Kilimani kwetu, mwaka ule wa kahawa, neno hilo lingetamkwa uani lingevunja ndoa tatu, na lingetufanya tukeshe tukipanga nani asemeje. Yule mama alitukagua mmoja mmoja, kutoka kichwani hadi miguuni, akatingisha kichwa.

"Haya," akasema. "Basi nunueni ndizi."